Siku Damu Yangu Ilipokataa Kugeuka Njano

Ninyi mnaoanza kazi ya maabara sasa, mnaoweka chupa kwenye mashine na kwenda kunywa chai huku mashine ikihesabu, huwa mnaniuliza sisi tulikuwa tunafanya nini siku nzima. Tulikuwa tunangoja. Sehemu kubwa ya miaka yangu ya kazi hapa Moshi niliipitisha nimesimama dirishani, chupa ndogo mkononi, nikingoja damu ya mtu ibadilike rangi. Ukingoja hivyo kila siku unakuwa kama mtu aliye nusu usingizini. Ukungu unashuka kutoka juu, unaifunika Kibo, kilele cha mlima wetu, unaifunua tena, nawe hujui kama zimepita dakika tano au ishirini. Ndiyo maana tulikuwa na saa ya mezani yenye kengele, kubwa kama sufuria ya chai, na ikilia hata wagonjwa wa wodi ya pili walishtuka.

Aliyenifundisha kungoja ni Mzee Eliakimu, mtu wa Old Moshi, mkuu wa maabara yetu. Alikuwa mwimbaji wa sauti ya chini katika kwaya ya usharika wake, na akiwa kazini alinguruma nyimbo bila kufungua mdomo, ukadhani kuna nyuki mahali. Siku zile tulivuta damu kwa mrija wa kioo, kwa mdomo. Ndiyo, kwa mdomo, msinikunjie uso. Wiki yangu ya pili nilivuta kupita kiasi, nikameza maji ya damu ya mzee mmoja wa Njoro. Nilikimbilia kwenye sinki. Mzee Eliakimu hakunyanyua macho kutoka kwenye hadubini. Alisema tu kwamba sasa mimi na yule mzee tumekuwa ndugu, nisisahau kumwamkia nikikutana naye sokoni. Nilikutana naye kweli, nikampa shikamoo, akaitikia marahaba bila kujua undugu wetu.

Alikuwa na kanuni mbili, na alizisema mara nyingi hata ukazisikia usingizini. Ya kwanza, usipime damu ya mgonjwa peke yake. Weka na ya mtu mzima wa afya pembeni, ili ujue kama vifaa vyako vinasema kweli. Ya pili, damu ya mgonjwa mzito ichukuliwe mara mbili, na watu wawili. Mimi nilizishika zote mbili kwa miaka kumi. Siku moja niliiacha ile ya kwanza, na siku hiyo moja ndiyo ninayotaka kuwasimulia.

Ilikuwa miaka ile milango ya nchi ilipofunguliwa na kila kitu kikaingia. Zamani dawa ya kahawa ilitoka kwa chama cha ushirika, kwenye kopo lenye muhuri na maandishi. Sasa ilipimwa sokoni kwenye chupa za soda, na muuzaji akikwambia hii ni ya kutu ya majani, basi ni ya kutu ya majani. Hata sisi hospitalini tulipokea maboksi ya msaada kutoka nchi ambazo lugha zake hatukuweza hata kuzitamka. Chupa za damu zilikuja na vizibo vya kila rangi. Kwetu kizibo cha bluu kilikuwa na maana moja tangu nilipoanza kazi: ndani kuna heparini, dawa inayozuia damu isigande. Nilikijua kizibo cha bluu kama ninavyojua mlango wa nyumba yangu.

Kule Kilema, karibu na parokia, alikuwa akiishi Mzungu mmoja aliyefundisha vijana kufuga nyuki. Nitamwita Tomas. Alikuwa mpole, mrefu, mwenye Kiswahili cha kujifunza kwa bidii, na alikaa kwenye nyumba ndogo katikati ya migomba ya familia moja iliyompangisha. Watu hawakujua habari zake za nyuma, nasi tulizijua baadaye kupita kiasi. Alizaliwa katika nchi moja ya baridi, akafanya kazi ya kemia kwenye jeshi la nchi hiyo, kisha akatoroka na kuongea mambo ambayo hawakutaka yaongelewe. Nchi nyingine ikamkaribisha na kumpa pasipoti. Sitazitaja. Moja nitaiita nchi ya kuzaliwa na nyingine nchi ya pasipoti. Mjue tu kwamba hazikuwa zikisalimiana.

Asubuhi moja ya msimu wa kahawa kutoa maua, mteremko wote ukinukia kama harusi, gari la parokia lilimleta Tomas amelala kwenye godoro nyuma. Aliyemshika kichwa alikuwa Mama Skola, mjane wa Kilema aliyekuwa akimpikia na kumfulia. Tomas alikuwa analowa: jasho, machozi, mate yasiyokatika. Mboni za macho zilikuwa tundu la sindano. Kifua kilikoroma, na nyama za miguu zilirukaruka chini ya ngozi kama kuna wadudu. Daktari wa zamu alikuwa kijana lakini hakubabaika. Alisema hii ni sumu ya mishipa ya fahamu, avuliwe nguo, aoshwe kwa sabuni, aletewe atropini.

Kabla hawajamchoma sindano hiyo nilichukua damu, chupa ya kizibo cha bluu kutoka boksi jipya. Mzee Eliakimu akaja nyuma yangu akachukua yake, kwenye kichupa cha kioo cha zamani alichokichemsha na kukitilia heparini mwenyewe, akakihifadhi kwenye jokofu. Alikuwa na vichupa kama hivyo ishirini, akivitunza kama vikombe vya wageni.

Sasa sikilizeni kipimo chenyewe, maana siku hizi hamkifanyi hivi. Katika damu kuna kimeng'enya ambacho sumu za namna hii hukishika na kukinyamazisha. Unatia tone la damu kwenye maji yenye rangi, kijani kama jani la mgomba. Kimeng'enya kikiwa hai, maji yanageuka polepole hadi njano ya ndizi mbivu. Kikiwa kimeshikwa, yanabaki kijani. Vifaa vyote vilikuwa kwenye sanduku moja la mkononi, na ndani yake kadi ya rangi za kulinganishia.

Niliweka damu ya Tomas. Ya mtu mzima sikuweka. Daktari alikuwa amesimama mlangoni, Mama Skola alikuwa korido anasali rozari kwa sauti, nami nilijiambia mboni zile za Tomas hazihitaji ushahidi wa pili. Kengele ilipolia, maji yalikuwa kijani kibichi, hayakusogea hata kidogo. Niliandika sifuri. Nikatia sahihi, Mzee Eliakimu akatia sahihi chini yangu.

Tomas alipona. Atropini ilimkausha, na siku ya pili akaomba uji. Siku ya tatu ndege ndogo ya ubalozi wa nchi ya pasipoti ilimchukua kwenda Nairobi kabla hajaulizwa na mtu yeyote wa kwetu alikuwa wapi asubuhi ile na alishika nini. Pamoja naye iliondoka nakala ya karatasi yangu.

Wiki haikuisha. Nilikuwa nyumbani nachambua maharage mchana, redio iko dirishani, nikasikia habari za kimataifa kwa Kiswahili. Nchi ya pasipoti ilisema mkimbizi wake amepewa sumu ya kijeshi kwenye mteremko wa Kilimanjaro, na kwamba wataalamu wake hawajaona dawa ya shamba inayoshusha kimeng'enya hadi sifuri kwa mtu aliyefika hospitali akiwa bado anapumua. Sifuri. Ile sifuri ilikuwa ya mkono wangu. Nilisikia fahari, wanangu, siwafichi. Nilikaa na maharage mapajani nikaona kama jina langu limepaa juu ya mawingu.

Fahari hiyo haikudumu, kwa sababu jioni nilisikia kwamba Mama Skola amechukuliwa na polisi. Ndiye aliyempikia mtori wa mwisho. Ikiwa kuna sumu ya kijeshi, lazima kuna mkono ulioitia, na mkono uliokuwa karibu na chungu ulikuwa wake.

Kisha wageni wakaja. Nchi ya kuzaliwa ilikanusha yote, ikasema inasingiziwa, na ikataka mtaalamu wake awepo damu itakapopimwa tena. Nchi ya pasipoti ikasema mtuhumiwa hawezi kukaa mezani na hakimu, ikataka damu iliyobaki ipelekwe kwake. Serikali yetu, iliyokuwa rafiki wa nchi zote mbili, ikasema damu iliyotolewa Moshi haitoki Moshi bila kibali. Aliyetumwa kutuambia hivyo ni Ndugu Salehe, ofisa wa wizara kutoka Dar es Salaam, mtu wa adabu sana, aliyevaa sweta mbili na bado akawa anapulizia viganja vyake.

Walikutana kwenye chumba cha mikutano cha hospitali siku nne mfululizo. Upande mmoja mwanamama wa ubalozi wa nchi ya pasipoti na daktari wake. Upande wa pili bwana mrefu wa nchi ya kuzaliwa na mkalimani wake. Siku nzima ya kwanza waligombana kama barua iandike "sumu" au "inayodaiwa kuwa sumu". Siku ya pili waligombana nani akae karibu na jokofu. Mwishowe wakakubaliana jambo moja tu: jokofu lifungwe. Hospitali ikaweka lakiri yake, ubalozi huu ukabandika karatasi yake yenye nembo, na ubalozi ule ukazungusha waya wenye muhuri wa madini ya risasi.

Hakuna aliyekuwa ameuliza ndani ya jokofu mna nini kingine. Mlikuwa na dawa zetu zote za kupimia makundi ya damu. Siku iliyofuata akaletwa mama anayetoka damu baada ya kujifungua, na Mzee Eliakimu akaenda kubisha hodi kwenye mkutano wa kimataifa, kofia mkononi, kuomba ruhusa ya kufungua jokofu lake. Walimwambia angoje wawasiliane na makao makuu. Akawashukuru, akatoka, akapanda baiskeli mwenyewe hadi hospitali nyingine kuazima. Yule mama alipona. Lakini kuanzia siku hiyo Mzee Eliakimu hakunguruma wimbo tena akiwa kazini.

Siku ya saba ya kifungo chake, polisi walimleta Mama Skola kwetu kwa sababu alilalamika kichwa na macho kutoa maji. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," akanipa mkono bila hata kuuliza kama ni mimi niliyeandika. Nilimtoa damu kwenye kizibo cha bluu, nikaweka kipimo. Polisi wake akasinzia kwenye benchi. Mama Skola alikaa akiniambia habari za migomba yake, kwamba upepo umeangusha miwili na hakuna wa kuitegemeza.

Kengele ikalia. Maji yalikuwa kijani kibichi. Sifuri.

Nilimtazama. Mtu mwenye sifuri hakai kwenye benchi akisimulia migomba. Mtu mwenye sifuri yuko kwenye godoro, kifua kinakoroma. Nilihisi baridi inapanda kutoka kwenye sakafu ya saruji. Nikakunja mkono wangu wa kushoto, nikajitoboa, nikaweka damu yangu mwenyewe kwenye chupa nyingine ya bluu, kisha nikasimama dirishani kungoja.

Zile dakika bado hunijia. Ukungu ulikuwa umefika hadi kwenye uzio wa hospitali, na mti wa mjakaranda ulionekana nusu tu, kama unaogelea. Nilikuwa sijaugua malaria mwaka mzima. Nilikuwa nimekula ndizi na nyama mchana. Kengele ikalia, nikageuka, na damu yangu ilikuwa kijani kama ya Tomas. Kwa mujibu wa karatasi yangu mimi nilipaswa kuwa maiti.

Nilikwenda kwenye boksi lile la msaada nikatoa kile kikaratasi cha maelezo ambacho hakuna aliyekisoma kwa sababu hakikuwa kwa lugha tuliyoijua. Katikati ya maneno yale mageni lilikuwepo moja linalofanana kwa Wazungu wote: floridi. Wanangu, floridi hutiwa kwenye chupa za kupimia sukari. Inazuia damu isiile sukari yake. Lakini kimeng'enya chetu nacho inakinyamazisha, sawasawa na sumu. Kwa waliotengeneza chupa zile, bluu ilikuwa rangi ya sukari.

Nikarudia kwa vichupa vya kioo vya Mzee Eliakimu. Yangu ikageuka njano safi. Ya Mama Skola ikatoka kijani, ikasogea, ikasimama katikati, rangi ya ndizi inayoanza kuiva. Kwa hiyo naye alikuwa ameguswa na sumu, kidogo. Kama ni yeye aliyemwekea Tomas, mbona na yeye anayo?

Mzee Eliakimu alikuwa chumba cha nyuma anaosha vioo. Nilimweleza yote nimesimama, kama mtoto wa shule. Alifunga bomba la maji, akajifuta mikono kidole kwa kidole.

"Nani mwingine anajua?" akauliza.

"Hakuna. Ni mimi na wewe."

Nilidhani ataniambia nichome karatasi, na nikiri kwamba sehemu moja ya moyo wangu ilitamani aseme hivyo. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja kustaafu. Badala yake alichukua koti lake kwenye msumari.

"Karatasi ina sahihi mbili," akasema. "Twende wote."

Tuliingia kwenye chumba cha mikutano wakiwa wanabishania tafsiri ya neno. Nilisema kwa Kiswahili, Ndugu Salehe akatafsiri upande mmoja na mkalimani upande wa pili, hivyo kila sentensi ya aibu yangu ilisemwa mara tatu. Daktari wa nchi ya pasipoti alisema bila kunitazama kwamba ni wazi nimetishwa na mtu. Bwana mrefu wa nchi ya kuzaliwa alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu afike, akaanza kukusanya karatasi zake, akasema basi mambo yamekwisha, hakukuwa na sumu.

"Hapana," nilisema. "Sumu ilikuwepo. Nilimwona kwa macho yangu. Ila haikuwa sifuri. Ni kiasi gani, kichupa cha Mzee Eliakimu kitasema. Kimo kwenye jokofu mlilolifunga."

Hapo ugomvi ukaanza upya, nani afungue, kwa idhini ya nani. Ulikatizwa na mgao wa umeme. Taa zilizimika, na Ndugu Salehe akauliza kwa upole damu inaweza kukaa muda gani bila baridi. Mzee Eliakimu akajibu kwamba baada ya leo haitakuwa na maana kwa mtu yeyote. Ndugu Salehe alivua sweta moja, akaikunja vizuri kwenye kiti. "Nchi hii ina mwenyewe," akasema. "Tufungue."

Tuliufungua waya, tukaibandua karatasi, tukaivunja lakiri. Kabla ya kuanza, Mzee Eliakimu aliwaomba jambo ambalo sikulitarajia. Alisema anahitaji damu ya watu wazima wa afya pembeni, na ili pasiwe na maneno baadaye, itoke moja kwa kila ubalozi. Wakatazamana. Kisha mwanamama wa nchi ya pasipoti akakunja mkono wa blauzi, na bwana mrefu akavua saa yake. Niliwatoboa mimi. Mikono yao yote miwili ilikuwa baridi.

Tukapanga vichupa vinne dirishani: cha mwanamama, cha bwana mrefu, cha Mama Skola, cha Tomas. Umeme haukuwepo, kwa hiyo hatukuwa na mwanga mwingine ila wa mlima. Ukungu ulifunguka alasiri ile na Kibo ikatoka nyeupe yote, karibu kama unaweza kuigusa. Watu wale waliokuwa hawakubaliani hata juu ya kiti walisimama bega kwa bega, wameinama, wakitazama maji yanavyobadilika. Damu ya mwanamama na damu ya bwana mrefu ziligeuka njano kwa pamoja. Ya Mama Skola ikafika katikati ikasimama. Ya Tomas ilisogea kidogo tu, ikabaki nyuma ya ile ya Mama Skola, lakini ilisogea.

Daktari wa nchi ya pasipoti alisema kipimo hiki hakiwezi kueleza sumu ilitoka wapi, na alikuwa sahihi. Ndugu Salehe akasema basi twende alikokuwa mtu mwenyewe.

Tulipofika Kilema kesho yake na mabwana shamba wawili, mtu wa kwanza kutulaki alikuwa Kornelii, shemeji yake Mama Skola, mdogo wa marehemu mumewe, anayelima kahawa kwenye kihamba kilekile, shamba la ukoo, alimopanga Tomas. Aliyaona magari matatu, akakaa chini kwenye nyasi. Hakungoja kuulizwa. Alisema asubuhi ile alikuwa akipulizia kahawa dawa, ncha ya bomba la mgongoni ikaziba, na Tomas akapita akamwambia alete. Akaizibua kwa kuipuliza kwa mdomo, mara tatu, na maji yakamrudia usoni na kifuani. Tomas alikuwa na mafua wiki ile, hakunusa kitu. Dawa yenyewe Kornelii aliuziwa sokoni kama dawa mpya ya kutu ya majani. Kopo alilifukia chini ya takataka za migomba. Mabwana shamba walilifukua, na hata kabla hawajalifungua lilinuka kitunguu saumu, harufu ya sumu ya wadudu. Na nguo za wote wawili, za Tomas na za Kornelii, alizifua Mama Skola kwa mikono mitupu.

Ndugu Salehe alimwuliza kwa nini alinyamaza huku shemeji yake amefungwa. Kornelii alisema alisikia kwenye redio serikali mbili za Ulaya zikimtafuta mtu aliyefanya hivyo. Alidhani watamchukua kwa ndege.

Mama Skola aliachiwa kesho yake, baada ya siku tisa. Balozi zilitoa matamko. Moja ilisema uongo umethibitika, nyingine ikasema bado haijaridhika. Hakuna tamko lililotaja bomba la kahawa. Damu iliyobaki iligawanywa mara tatu, ikapanda ndege tatu, na majibu mpaka leo hayajanifikia. Mimi nilipewa barua ya onyo na mwaka mzima wa kupima choo. Mzee Eliakimu alipewa barua kama yangu, akaitumia kuwekea alama kwenye kitabu chake cha nyimbo.

Tomas aliandika barua moja, miezi mingi baadaye, kupitia parokia. Alisema kwa miaka kumi na moja alikuwa akimngoja muuaji wake. Kila mgeni aliyepiga hodi, kila kikombe cha chai. Sasa anaambiwa ilikuwa pampu ya jirani, na hajui afurahi au alie. Aliomba radhi kwa Mama Skola kwa kuwa alipoulizwa Nairobi nani alimpa chakula, alilitaja jina lake bila kufikiri. Hakurudi.

Lakini radhi niliyokuwa nadaiwa mimi haikuwa ya barua. Kwetu mtu akikosa anachukua jani la isale, analifunga fundo, anakwenda nalo, na hapaswi kwenda peke yake. Jumamosi moja nilipanda Kilema na jani langu na kibuyu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, na Mzee Eliakimu akanisindikiza, ijapokuwa magoti yalikuwa yanamsumbua. Tulimkuta Mama Skola akitegemeza mgomba kwa mti wa panda. Nilipiga magoti kwenye udongo wenye umande, nikamwambia kosa langu lilikuwa nini hasa, habari za kizibo na zile dakika nilizoona uvivu kungoja. Sikusema ni chupa za Wazungu. Alisikiliza mpaka mwisho, akalipokea jani, akaniinua.

"Siku tisa zangu nimekusamehe," akasema. "Ila kuna jambo linanishinda kulielewa, mwanangu. Magari yote yale yalikuja hapa. Wamefukua kopo, wamepiga picha migomba. Kornelii anapuliza dawa hii tangu mwaka juzi, anaamka anatetemeka. Mbona hakuna aliyemtoa damu?"

Mimi pia sikuwa nimefikiria. Siku ile ya magari nilisimama hatua tatu kutoka kwake, nikamsikia akieleza kila kitu, na sikumtazama mboni.

Mzee Eliakimu alikuwa ameshaingiza mkono kwenye mfuko wa koti. Alitoa sindano mbili zilizofungwa kwenye kitambaa na vichupa vyake vya kioo, akanikabidhi. Mama Skola akaleta beseni la maji na sabuni. Nikamwita Kornelii akae kwenye kigoda. Aliniuliza kama itauma, nikamwambia kidogo, akageuza uso akatazama migomba. Nilipoinua kichwa kufunga kichupa, watu watatu wa kihamba cha jirani, wenye mabomba bado mgongoni, walikuwa wamesimama nyuma yake, wakikunja mikono ya mashati.